Herufi Kumi za Mwanzo

Nilisikia kicheko kabla sijaona mtu. Nilikuwa nimeinama barazani kwa Bi Shamsa navua viatu, pazia la mlangoni limeshuka, na nyuma ya pazia mwanamke aliyefiwa na mumewe alikuwa anacheka hadi anakohoa. Nikabaki na kiatu mkononi. Kwa miezi minne nyumba ile ya Kipawa ilikuwa ya sauti za chini: redio imezimwa, sufuria zinawekwa taratibu, na juu ya bati ndege zinashuka kuelekea uwanjani kwa kishindo ambacho hakuna wa kukiambia kinyamaze. Kicheko cha jirani yangu nilikuwa nimeshakisahau.

"Hodi," nikasema kwa woga.

"Karibu, Mama Neema! Ingia, uje uone mambo ya mashine zenu."

Nawaandikia nyie vijana mnaoanza kazi ya kuandika programu za kompyuta. Mie nimestaafu, nakaa Goba kwenye kilima ambako maji hupanda kwa kusuasua na simu hushika mtandao ukisimama kwenye dirisha la jikoni tu. Nimeombwa niwasimulie nilichojifunza. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya maisha yangu kazini nilikuwa nimechanganyikiwa, na sioni sababu ya kuwaficha. Ngoja niwaeleze kwanza kazi yenyewe, kisha nitarudi kwenye kile kicheko.

Ndani ya kompyuta, mgonjwa wa hospitali si maandishi. Ni kitu. Kina jina, jinsia, siku ya kuzaliwa, kimeunganishwa na daktari wake na kitanda chake, na chote kinaishi kwenye kumbukumbu ya mashine kama mawazo yanavyoishi kichwani. Zima programu, kimekwenda. Ukitaka kumtuma mgonjwa huyo kutoka kompyuta ya wodini hadi nyingine, au umchape kwenye karatasi, lazima kwanza umgeuze awe mstari wa maandishi. Ni kama kufunga sanduku la safari. Huwezi kusafiri na kabati, lazima uvitoe vitu, uvikunje, uvipange, na huko uendako mtu avikunjue viwe vile vile.

Kuna watu mbali huko ambao waliandika msimbo wa kufanya ukunjaji huo, wakaugawa kwa dunia nzima. Msimbo wa namna hiyo sie tuliuita laibrari. Unaikabidhi mgonjwa upande huu, upande wa pili anatoka akiwa herufi, mabano na nukta pacha. Mara ya kwanza nilipoona, nilisisimka mwili. Sikuelewa ilifanyaje. Nilidhani nikizeeka nitaelewa.

Aliyenifundisha ni Bwana Murtaza, Khoja mmoja mwembamba ambaye baba yake alikuwa akiuza cherehani Temeke. Duka la chini lilibaki la cherehani. Ghorofani mtoto akaweka kompyuta, na sie watu sita tukaandika programu za hospitali huku chini wateja wakijaribu pedali. Bwana Murtaza alikuwa na tabia ya kuja nyuma ya kiti chako, akasoma kioo kimya, kisha akauliza swali moja ambalo lilikuharibia siku.

Siku moja niliikabidhi laibrari mtoto mchanga. Mtoto ana mama, kwa hiyo laibrari ikaandika mama. Mama naye ana orodha ya watoto, ikaandika watoto. Kila mtoto ana mama, ikaandika mama tena. Maandishi yakamiminika, mtoto, mama, mtoto, mama, feni ya kompyuta ikalia kama inataka kuruka, kisha kioo kikawa cheusi.

"Mama Neema," akasema Bwana Murtaza nyuma yangu, "huyu mama amezaa wangapi?"

"Mmoja tu, bosi."

"Na wewe umemzalisha mpaka umeme ukakatika?"

Siku hiyo nilijifunza kuiambia laibrari wapi isimame: mtoto amtaje mama kwa namba yake, basi, asimbebe mzima mzima. Kosa jingine lilikuwa la namba za simu. Niliziweka kama namba za hesabu, na laibrari, kwa uaminifu wake, ikafuta sifuri ya mwanzo maana katika hesabu sifuri ya mbele haina thamani. Wauguzi wakawa wanapiga simu haziendi. Kumbukeni hili: namba ambayo huwezi kuijumlisha na nyingine si namba, ni maandishi. Iacheni na sifuri yake.

Haya yote yalikuwa makosa ya kucheka. La Bi Shamsa halikuwa hivyo, ingawa lilianza na kicheko.

Nilipoingia ndani Jumapili ile nilimkuta ameketi mkekani na karatasi mapajani, na binti yake Salma amepiga magoti kando ya sanduku wazi, anakunja makoti aliyopewa na watu. Salma alikuwa muuguzi. Alipata nafasi ya kusoma zaidi Uingereza, tiketi walimkatia wenye chuo, ya Alhamisi saa nne asubuhi. Aliomba wamsogezee siku moja mbele, wakakataa.

"Shikamoo, Mama Neema."

"Marahaba, mwanangu. Mbona kicheko, kuna nini?"

Bi Shamsa akanipa karatasi. "Soma. Marehemu wangu wamemzaliwisha Desemba! Mtu kitambulisho chake kinasema Januari mosi maisha yake yote, leo kafa, kawa mtoto wa Desemba. Lakini sikiliza, siyo hicho nilichokuitia. Nakwenda uwanjani, Mama Neema. Namsindikiza mwanangu."

Mimi ni mtu wa bara na ni Mkristo, nikamwuliza kama mjinga, "Kwani ulikuwa huendi?"

Akanieleza kwa subira. Alikuwa kwenye eda: mjane hukaa nyumbani kwake miezi minne na siku kumi tangu mume afe, na miezi yenyewe ni ya mwezi wa angani, siyo ya kalenda ya ukutani. Kutoka kwa dharura inawezekana, kusindikiza mtu siyo dharura. Taabu yake ilikuwa moja. Mumewe alikwenda kusini kununua korosho, akaugua ghafla, akafia hospitali ya huko. Simu zikapigwa na watu watatu. Mmoja akasema kafa jana, mwingine juzi, wa tatu mtandao ukakatika katikati ya neno. Ilikuwa Jumanne au Jumatano? Sheikh, kwa kuchukua tahadhari, alihesabu kutoka Jumatano, na hapo eda ilimalizika Alhamisi magharibi, saa nane na ushee baada ya ndege ya Salma kuruka. Bi Shamsa alikuwa ameshakubali. Ndipo ikaja karatasi ya hospitali, imechapwa na ina mhuri, ikasema Jumanne. Sheikh akasema karatasi ya hospitali ndiyo ifuatwe. Eda inamalizika Jumatano magharibi.

"Siku moja," akasema Bi Shamsa. "Mungu kanipa siku moja kutoka kwenye mashine yenu. Tazama hapo chini, si ndiyo alama ya ofisi yako?"

Ilikuwa ndiyo. Nikacheka naye, tukanywa chai ya tangawizi, nikarudi kwangu nikiwa na fahari.

Kilichoninyima usingizi ni Desemba. Nyie mmezaliwa na vyeti, hamjui. Mzee wa nchi hii asiyejua siku aliyozaliwa, ukimwuliza kwenye ofisi yoyote, anaandikiwa Januari mosi, mwaka wa kukadiria. Ukikuta chumba kimejaa wazee, wengi wao wana siku moja ya kuzaliwa. Kwa hiyo karani wa kusini angemwandikaje mume wa Bi Shamsa Desemba thelathini na moja? Nani Tanzania nzima anakadiria Desemba?

Jumatatu asubuhi nikafungua orodha ya wagonjwa wa hospitali ile kama inavyotoka kwenye karatasi. Wazee wote, mstari hadi mstari, walikuwa wamezaliwa Desemba thelathini na moja. Hata sikuogopa. Nilichanganyikiwa tu, kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta milango imehama.

Kitu cha kwanza kilichonijia ni saa zetu. Nikajiambia, muuguzi anaandika saa mbili akimaanisha saa mbili yetu ya asubuhi, mashine inadhani ni saa mbili ya Kizungu, yaani saa nane usiku. Hapo lazima siku zivurugike. Nikaongeza saa sita kila mahali. Wazee wakarudi Januari, moyo ukatulia, lakini wagonjwa waliolazwa kuanzia saa tatu usiku wote wakahamia siku ya pili.

Bwana Murtaza akasimama nyuma ya kiti changu. Akasoma kioo. "Hawa umewapeleka kesho wakafanye nini?"

Nikaziondoa saa sita. Nikakumbuka Bi Shamsa aliniambia kwamba kwao siku mpya inaanza jua likizama, usiku wa Jumatano ndio unaotangulia mchana wa Jumatano. Nikamwuliza Bwana Murtaza, kwa dhati kabisa, kama inawezekana laibrari inahesabu siku kwa magharibi.

Akanitazama kwa huruma. "Waandishi wa hiyo laibrari, Mama Neema, hata futari hawajawahi kualikwa. Acha kukisia. Soma ilichoandika."

Hilo ndilo swali, au niseme ndilo jibu, ambalo ningewaachia nyie kama ningeruhusiwa moja tu. Miaka yote ile nilikuwa natazama karatasi, sikuwa nasoma maandishi mabichi ambayo laibrari iliyatoa. Nikayafungua. Kwa kila mzee kulikuwa na mwaka, Desemba thelathini na moja, kisha herufi T, kisha 21:00, na mwishoni herufi Z. Ile Z nilishaiona mara elfu. Nilidhani ni pambo.

Siyo pambo. Z inasema: saa hizi ni za Greenwich, kule Uingereza, ambako saa ziko nyuma yetu saa tatu. Programu yetu haikujua tarehe tupu. Kila tarehe iliivalisha saa, na karani asipoandika saa, iliivalisha usiku wa manane. Januari mosi usiku wa manane hapa Dar, kule bado ni Desemba thelathini na moja, saa tatu ya usiku. Laibrari ikaikunja tarehe kwa saa za kule na ikasema hivyo wazi, kwa herufi moja mwishoni. Haikudanganya. Aliyedanganya ni mstari mmoja mfupi unaotayarisha karatasi. Mstari ule ulichukua herufi kumi za mwanzo, mwaka, mwezi, siku, ukatupa zilizobaki kama takataka, na Z ikatupwa humo humo. Nikatafuta nani aliuandika. Jina lilikuwa langu.

Na kama karani aliiandika siku ya kifo nayo bila saa, ile Jumanne ilikuwa Jumatano. Nikapiga simu wodini, kusini. Akapokea muuguzi, nikamwomba anifungulie daftari la mkono. Nikasikia kurasa.

"Jumatano, mama. Saa tisa alasiri."

"Sista, una uhakika siyo Jumanne? Siyo saa tisa ya usiku?"

"Mama, mie ndiye niliyemfunika. Jua lilikuwa linampiga usoni, nikavuta pazia kwanza."

Nilikaa na simu iliyokatika. Bwana Murtaza akaniambia mstari utarekebishwa kabla ya saa za kufunga, na hospitali itaandikiwa barua leo leo. Nikamweleza habari ya jirani yangu. Akakaa chini, jambo ambalo hakuwa akilifanya ofisini kwetu.

"Marekebisho tutayatuma," akasema. "Lakini huyo mama hatayasoma marekebisho. Ana karatasi yetu mkononi."

"Nikimwambia, namnyang'anya mwanawe."

"Na usipomwambia?"

Nikaenda Kipawa Jumanne alasiri na karatasi mpya kwenye mkoba, imeandikwa Jumatano, na marehemu amerudi Januari mosi. Barazani nikamkuta Salma anaanika mitandio. Uso wangu ukanisaliti, akaniuliza, nikamwambia yote pale pale, kwa kunong'ona. Akanishika mkono.

"Mama Neema, tafadhali. Ni saa chache tu. Mashine imeshasema, sheikh ameshasema. Nani mwingine anajua?"

"Mie najua."

"Basi jua peke yako! Mama kamzika baba bila kumuona akiwa hai. Leo na mie niondoke aniage mlangoni kama mgeni? Yeye hajakosea kitu. Mmekosea nyie."

Alikuwa sahihi kila neno. Naapa nilikuwa nimeshaanza kuirudisha karatasi mkobani.

"Nyie mnanong'ona nini huko?" Sauti ya Bi Shamsa ilikuja nyuma ya pazia. "Salma, mwache mtu aingie, au hadi nitoke na eda yangu nije kuwaamua?"

Nikaingia. Nikakaa mkekani, nikatoa karatasi mbili, ya zamani na mpya, nikaziweka mbele yake. Nikamweleza kuhusu saa tatu za Greenwich, usiku wa manane, herufi kumi, nikaona naeleza vibaya, nikaanza upya, nikaona naeleza vibaya zaidi. Akaninyooshea kiganja.

"Mama Neema. Kafa lini?"

"Jumatano, saa tisa alasiri. Kosa ni langu, Bi Shamsa. Mstari ule niliuandika mimi."

Ndege ikapita juu ya bati, tukaingoja imalize. Akaichukua karatasi ya zamani, akaikunja mara mbili, mara nne, akaisukuma chini ya mkeka.

"Ungenyamaza, ningetoka," akasema. "Ningefurahi kweli. Halafu ungekuwa unakuja kwangu kila Jumapili na uso huo, mie sijui una nini." Akageukia mlangoni. "Salma! Acha kulia huko nje, njoo upange sanduku. Hilo koti la bluu halijaingia."

Salma hakunitazama siku ile wala Jumatano. Sikumlaumu. Mpaka leo sijui kama nilifanya sawa. Najua nilifanya nini, na hilo ni jambo tofauti. Nikiwa Goba, maji yakikatika na sina la kufanya, huwa nalirudia: wema ulikuwa ndani ya kosa, na nilipolitoa kosa, wema ukatoka nalo. Hakuna laibrari iliyonifundisha kuvitenganisha. Nyie labda mtaweza. Kwa upande wa kazi, niwaambie kilicho wazi: tarehe ambayo haina saa msiivalishe saa. Ihifadhini kama maandishi tangu mtu anapoitamka, herufi kumi, na msikubali mashine iipeleke safari. Na kabla hamjakata mwisho wa kitu chochote, usomeni.

Alhamisi saa moja asubuhi gari lilikuwa nje limewashwa, mjomba wa Salma kwenye usukani. Nilikuja kwa sababu Bi Shamsa alituma niitwe. Alikuwa amesimama sebuleni na nguo yake nyeupe isiyo na ua, hatua mbili kutoka kizingitini, kama pana mstari sakafuni. Alikuwa amelifungua sanduku na kulipanga upya asubuhi ile, kila kitu kimekunjwa kidogo kuliko kilivyokuwa.

"Ukifika upige," akasema.

"Nitapiga jioni, mama."

"Jioni ya wapi? Huko ni saa ngapi?"

"Wako nyuma yetu saa tatu."

Bi Shamsa akanigeukia. "Kumbe ndio hao waliozichukua saa zangu tatu." Na akacheka, kicheko kile kile cha kukohoa, Salma naye akacheka kwa kulazimishwa na machozi yakamtoka, akambusu mama yake mkono, kichwa, mkono tena. Kisha akaja kwangu. Nilidhani atanipita. Akainama.

"Shikamoo, Mama Neema. Leo magharibi uje umtoe. Umpeleke popote, hata dukani."

"Marahaba, mwanangu. Nitakuja."

Akanyanyua sanduku, akasogeza pazia kwa bega. Bi Shamsa hakusogea kutoka pale aliposimama. Tukayasikia magurudumu ya sanduku barazani, yakasimama, hatua zikarudi, na mkono wa Salma ukaingia peke yake, ukashika kitasa, ukauvuta mlango taratibu kama alivyozoea kuuvuta mchana baba yake akiwa amelala, hadi ukafunga.